Fundi Anajibu: Kwadi Yako Inachemsha Wakati Gani?

Barua za toleo hili karibu zote zinauliza jambo moja: kwadi za michezo, zile pikipiki za magurudumu manne za mchangani na matopeni, zinazochemsha. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa linalojirudia ni lilelile. Spea inanunuliwa kabla ugonjwa haujapimwa.

Swali la kwanza siku zote liwe hili: inachemsha wakati gani? Inayochemsha kwenye mwendo wa polepole na kupoa ukishika kasi inakosa upepo, basi anza na feni. Inayochemsha ukiivuta kwa nguvu ina rejeta iliyoziba, au maji hayazunguki vya kutosha, au injini yenyewe inazalisha joto kupita kiasi kwa sababu inavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Inayochemsha dakika tano tu tangu iwashwe ikiwa baridi ina hewa iliyonaswa kwenye njia za maji, thermostati (vali inayofungulia maji njia injini ikipata moto) iliyokwama, au gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na silinda) iliyoungua. Mwenye barua akitueleza hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Na jingine kabla hatujaanza: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Bana mpira wa juu wa rejeta kwa vidole. Ukiwa bado mgumu, ndani kuna presha, na maji yaliyopita nyuzi joto 100 yatageuka mvuke usoni kwako kifuniko kikilegea tu. Subiri mpaka mpira ulegee na uweze kuushika bila kuungua. Wala usiimwagie hedi maji baridi ili ipoe upesi, aluminiamu hupinda.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Tuna Yamaha Raptor 700 mbili tunazokodisha kwa wageni. Moja ikienda polepole kwenye msafara, baada ya dakika kumi hivi taa ya joto inawaka. Ukiipeleka mbio kidogo, taa inazima. Fundi alitoa thermostati akaitupa, akabadilisha kulanti (dawa ya maji ya rejeta), bado. Sasa anasema tununue pampu ya maji. Tununue?
Msomaji, Diani

JIBU: Salama, ndugu yetu. Msinunue pampu kwanza. Pampu ya maji huzungushwa na injini yenyewe. Kama ingekuwa imekufa, kwadi ingechemsha zaidi mkiipeleka mbio, isingepoa. Yenu inapoa ikipata upepo, maana yake maji yanazunguka na rejeta inafanya kazi. Kinachokosekana ni hewa wakati mnatembea taratibu. Raptor 700 ina pistoni moja kubwa ya sentimita za ujazo 686, na kwenye msafara wa wageni hakuna upepo wa kuipoza. Feni ndiyo kila kitu.

Iwasheni, iacheni ingurume ikiwa imesimama hadi ipate moto. Shikeni kipande cha karatasi mbele ya rejeta. Feni ikianza kuzunguka, karatasi ivutwe na kunata kwenye wavu. Ikisukumwa kuja kwenu, feni inapuliza kinyume, kwa hiyo inapigana na upepo badala ya kuusaidia. Hili hutokea feni ikishabadilishwa na waya mbili zikaunganishwa kinyume: feni inazunguka, kila mtu anaiona inazunguka, na kwadi inaendelea kuchemsha. Geuzeni waya.

Ikiwa haizunguki kabisa, fuateni umeme kwa mpangilio. Taa ya joto inapowaka, sensa na kompyuta ya injini tayari zinajua kwamba maji ni ya moto. Basi ugonjwa upo mbele ya hapo: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), waya, plagi ya feni, au mota ya feni. Chomoeni plagi ya feni, mpelekee mota umeme moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 kwa waya wenye fyuzi ya ampea 10 au 15. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Ikizunguka kwa uvivu, au ikahitaji kusukumwa kwa kidole ili ianze, brashi zake zimekwisha au beringi imeingia chumvi, badilisheni mota.

Mota ikiwa nzima, wekeni mita kwenye plagi upande wa waya zinazotoka kwenye mashine, injini ikiwa ya moto kiasi cha kuwasha taa. Mnatakiwa kuona volti 12 au zaidi. Mkiona sifuri, angalieni fyuzi, kisha badilishaneni rilei na ile ya kwadi yenu ya pili, kwa kuwa ni za aina moja. Mkiona 12 lakini feni ikichomekwa haizunguki, umeme unafika ila hauna nguvu: fungueni plagi mtazame pini kwa karibu. Pwani mtakuta unga wa kijani. Huo ni shaba iliyoliwa na chumvi, na mita haiutambui kwa sababu mita haivuti ampea. Safisheni kwa brashi ndogo ya waya na dawa ya kusafishia koneksheni, kazeni pini, pakeni grisi maalumu ya umeme. Fanyeni vivyo hivyo kwenye waya wa ethi unaofungwa kwenye fremu. Kwaruzeni rangi na kutu mpaka chuma king'ae.

Thermostati irudi mahali pake. Kuitoa hakujaponya chochote, na kwenye injini ya sindano za petroli kunaleta hasara nyingine: maji yakikaa ya baridi mno, kompyuta hudhani injini haijapata moto na huendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili kwenye silinda na kumaliza ringi. Kabla ya kufunga mpya, ipimeni. Itundikeni kwa uzi kwenye sufuria ya maji isiguse chini, wekeni kipimajoto kando yake, pasheni taratibu. Thermostati nyingi za kwadi huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 82, na huwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka, au inayobaki wazi ikishapoa, haifai.

Kisha kulanti. Mchanganyiko ni nusu kulanti ya injini za aluminiamu isiyo na silikati, nusu maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba na hata ya chupa ya kunywa yana madini ambayo hugandamana ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Yaliyotoneshwa huuzwa kwenye maduka ya spea kama maji ya betri, lakini someni chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo, na asidi kwenye injini ya aluminiamu ni msiba. Lita mbili za mchanganyiko zitawatosha kujaza na kubaki na akiba. Inueni magurudumu ya mbele ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine yoyote, jazeni polepole huku mkiminyaminya mipira ya maji, legezeni skrubu ya kutolea hewa hadi yatoke maji matupu yasiyo na povu, kazeni. Washeni bila kifuniko, ongezeni kadiri maji yanavyoshuka, na thermostati ikishafunguka na mapovu yakikoma, fungeni. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazameni tena, kwa sababu karibu kila mara itakuwa imeshuka kidogo.

Kwa kuwa ni kwadi za kukodisha, kuna jambo jingine ambalo halihusu maji kabisa. Inueni magurudumu ya nyuma, wekeni gia huru, zungusheni kwa mkono. Yakiwa mazito, breki inashika. Kebo ya breki ya kuegeshea ikivutwa mno, au pistoni ya breki ikiota kutu baada ya kupita maji ya bahari, injini inavuta breki safari nzima na joto lote hilo linaishia kwenye rejeta.

SWALI: Asalaam alaikum. Ninapanda Yamaha YFZ450R kwenye matuta ya mchanga ya Sharqiya. Nimefunga ekzosi ya mashindano na nimetoa kifuniko cha boksi la chujio la hewa ili ipumue. Kwenye tambarare haina neno. Nikipanda tuta kwa gia ya pili, mkono wa mafuta umefunguka wote, maji yanatoka kwenye tanki la akiba. Nimetia kulanti tupu bila maji nikidhani itasaidia. Feni inafanya kazi.
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu. Hapo una mambo mawili, na kulanti tupu imeongeza la tatu.

Tuanze na hilo la tatu kwa kuwa ni jepesi. Kulanti peke yake hubeba joto kidogo kuliko ikichanganywa na maji. Maji ndiyo yanayobeba joto. Kulanti kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 106 hivi ukiwa wazi, na chini ya kifuniko cha rejeta cha baa 1.1 (baa ni kipimo cha presha) hufika karibu 129. Mwaga hiyo, rudi nusu kwa nusu. Kwa joto lenu la kiangazi unaweza hata kupunguza kulanti hadi asilimia 40, kwa kuwa huko hakuna baridi ya kugandisha.

La pili ndilo kubwa. Umeifungulia injini njia ya kuingiza hewa na njia ya kutoa moshi, lakini petroli haikuongezwa. Kompyuta ya YFZ450R hufuata jedwali lililopangwa kiwandani kwa ekzosi ya kiwandani na boksi lililofungwa. Ukibadilisha vyote viwili, hewa inazidi na petroli inabaki ileile, hasa mkono ukiwa wazi wote. Mwako wa namna hiyo ni wa moto zaidi, na injini ya sentimita za ujazo 449 yenye mkandamizo mkubwa haina nafasi ya kuuvumilia. Vali za ekzosi huumia kwanza, halafu pistoni.

Fungua plagi ya cheche mara baada ya kupanda tuta: shika klachi, zima injini papo hapo bila kuiacha ingurume, subiri ipoe, itoe. Kauri nyeupe kama chaki, au yenye vitone vidogo vinavyong'aa vya aluminiamu, inakwambia petroli ni chache. Ukiona vitone hivyo usiwashe tena mpaka umerekebisha, maana hiyo aluminiamu imetoka kwenye pistoni. Rangi ya kahawia nyepesi ndiyo unayoitafuta. Dawa yake ni kupangiwa upya kompyuta, au kufunga kifaa cha kuongeza petroli chenye ramani ya ekzosi na chujio ulivyofunga. Wakati unasubiri, rudisha kifuniko cha boksi. Usije ukadanganyika kwamba inavuta vizuri kwa hiyo iko sawa: injini yenye petroli pungufu kidogo huwa nyepesi na kali mkononi, hadi siku inaponoki.

Hakikisha pia mpira unaounganisha injini na koo la hewa haujapasuka. Injini ikinguruma taratibu, nyunyizia ukungu wa maji kuuzunguka kwa chupa ya kunyunyizia. Mlio ukiyumba, umeshaona tundu. Tia petroli ya 95 au zaidi. Hiyo ya 91 kwenye injini hii hulipuka kabla ya wakati wake, na milipuko hiyo hugeuka joto.

La mwisho ni mzigo wa mchanga wenyewe. Kwenye tuta kwa gia ya pili injini inapiga mizunguko ya juu na wewe unakwenda kilomita chache kwa saa, hivyo upepo ni haba. Ondoa wavu mzito wa kuzuia mawe kama umefunga. Kwenye mchanga mtupu hauna kazi na unazuia hewa. Toa mchanga uliojaa nyuma ya rejeta kati yake na feni. Oili iwe na alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili, kwa kuwa klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza huchoma oili. Rejeta kubwa zaidi ni kitu kizuri kwa matuta, lakini ifunge baada ya kurekebisha petroli. Ukianza nayo, itaficha ugonjwa mpaka pistoni itoboke.

SWALI: Tunaendesha kwadi kwenye vijia vya udongo karibu na Mto Nile. Baada ya mvua, zote zinachemsha. Tunaziosha kila jioni kwa mashine ya presha. Tufanye nini zaidi?
Msomaji, Jinja

JIBU: Fanyeni pungufu ya hapo. Mashine ya presha ndiyo inayowaharibia. Maji makali yakipigwa kutoka mbele husukuma tope ndani kabisa ya mapezi ya rejeta na kuyalaza. Kwa nje rejeta inang'aa, katikati kuna tofali.

Washeni tochi nyuma ya rejeta, mtu mwingine atazame kwa mbele. Mahali ambapo mwanga haupiti, hewa nayo haipiti. Injini ikishapoa, fungueni feni ili mfikie upande wa nyuma, loweka kwa maji ya sabuni ya vyombo kwa nusu saa, kisha osheni kwa mpira wa bustani wa kawaida kutoka nyuma kuja mbele, yaani kinyume cha njia iliyotumiwa na tope kuingia. Rudieni mpaka maji yatoke meupe. Mapezi yaliyolala yainueni moja moja kwa kijiti chembamba cha mwanzi au kitana chake maalumu. Bisibisi itatoboa mirija. Kazi hii huchukua saa moja kwa rejeta mbaya. Ifanyeni siku ileile, kabla udongo haujakauka. Na kila mnapopumzika njiani siku za tope, mwageni nusu ndoo ya maji kutoka nyuma, taratibu, injini ikiwa imeshapumzika.

SWALI: Shikamooni. Nina Suzuki LT-Z400 ya kabureta. Maji yanasukumwa kwenye tanki la akiba hadi yanamwagika, na ikipoa hayarudi kwenye rejeta. Asubuhi natia karibu nusu lita. Sioni yanapovuja. Fundi wa kwanza kasema rejeta, wa pili kasema gasketi ya hedi. Nani mkweli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Marahaba, dada. Huenda hakuna hata mmoja, na kitu cha kwanza kupimwa ni cha bei nafuu kuliko vyote: kifuniko cha rejeta. Kina vali mbili. Kubwa hushikilia presha, ndogo ya katikati hufunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka tanki la akiba. Ndogo ikikwama, maji hutoka na hayarudi, na utakuta mpira wa juu wa rejeta umenyonyea ndani kama umekanyagwa. Kubwa ikilegea, maji huchemka mapema. Kwenu Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,795 hivi, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94. Kifuniko cha baa 1.1 kikifanya kazi hupandisha hadi karibu 119. Kikiwa kibovu umepoteza nyuzi 25, na injini iliyo nzima kabisa itaonekana mgonjwa. Tazama mpira wake: ukiwa na ufa au alama ya shimo ya ukingo wa rejeta, nunua kingine chenye namba ileile. Kagua pia bomba dogo linalokwenda tanki la akiba. Likiwa na ufa, litavuta hewa badala ya maji.

Kifuniko kipya kisiposaidia, ndipo tuitazame gasketi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza hadi shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, nayo hukoma. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukipiga resi, ni moshi wa mwako unaopenya kutoka kwenye silinda. Fundi mwenye kipimo cha majimaji ya buluu akiweke kwenye mdomo wa rejeta: yakigeuka manjano, hakuna ubishi tena. Njia nyingine ni kuleta pistoni juu kwenye mkandamizo, kuingiza gia na kufunga breki, kisha kupeleka upepo wa kompresa wa baa 6 kupitia tundu la plagi ya cheche. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi imekwenda, au hedi ina ufa. Dalili nyingine ni moshi mweupe wenye harufu tamu, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Lakini mwambie fundi ainame pia achungulie chini ya pampu ya maji. Kuna tundu dogo la kuchungulia. Likitoa maji, sili ya maji ya pampu imekwisha. Likitoa oili, ni sili ya upande wa oili. Matone yake hukauka juu ya injini ya moto, ndiyo maana mtu hasemi anaona uvujaji. Huacha doa jeupe au la kijani lililoganda, na hilo doa ndilo la kutafuta.

Ikithibitika ni gasketi, usikubali ifungwe mpya juu ya uso usiopimwa. Hedi ikishatolewa, fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, urefu, upana, na pembe kwa pembe, akijaribu kupitisha kipimo cha milimita 0.05 chini yake. Kikipita, hedi imepinda. Upindaji mdogo huondolewa kwa msasa wa maji namba 400 uliolazwa juu ya kioo kinene, hedi ikisuguliwa kwa mzunguko wa namba 8 bila kukandamizwa upande mmoja. Mkubwa uende kwa mchonga vyuma. Uso wa silinda nao upimwe. Matundu ya bolti yakaushwe kabisa, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini hayabanwi, na bolti ikikazwa hupasua chuma. Gasketi ifungwe kavu, bila silikoni. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa mkingamo, hatua mbili au tatu, hadi kipimo cha kitabu cha mashine yako.

Halafu muulize swali hili kabla hujamlipa: ni nini kilichoifanya gasketi iungue? Gasketi huungua kwa sababu injini ilichemsha. Kwenye LT-Z400 za kabureta swichi ya feni imefungwa kwenye rejeta yenyewe, na ikifa, feni haiwaki hata siku moja. Chomoa plagi yake, unganisha waya zake mbili pamoja kwa kipande cha waya, fungua ufunguo. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Hilo lisiporekebishwa, utarudi kwa fundi na gasketi ya pili.

Kulanti unayoimwaga ikusanye kwenye galoni lililofungwa. Ni sumu, na ladha yake tamu huvutia mbwa na watoto.

SWALI: Honda TRX400EX yangu haitumii maji. Huku nyumbani haijawahi kusumbua. Kila nikiipeleka Pangani inapata moto mno, inapoteza nguvu, na ekzosi inapigapiga nikiachia mkono. Oili nimebadilisha.
Msomaji, Arusha

JIBU: Barua yako imejijibu yenyewe kwa kutaja miji miwili. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi. Fundi aliyeitengeneza vizuri huko aliweka jeti kuu ndogo zaidi kwenye kabureta (jeti ni kitundu kinachopimia petroli) ili petroli isizidi. Ukishuka Pangani hewa ni nzito, jeti ni ileile ndogo, na mchanganyiko unakosa petroli. Kupigapiga kwa ekzosi ukiachia mkono ni dalili ya hilohilo.

Fungua bakuli la kabureta usome namba kwenye jeti, ulinganishe na ya kiwandani kwenye kitabu. Uwe na jeti zote mbili kwenye boksi la spana, na ubadilishe ukifika pwani. Ni kazi ya dakika 20. Kama huna jeti ya pwani, usiiendeshe kwa nguvu huko.

Injini ya upepo haina feni wala maji, kwa hiyo usiiache ingurume umesimama kwenye jua zaidi ya dakika mbili tatu. Mapezi ya silinda yasiwe na tope hata kidogo, hasa nyuma ya gurudumu la mbele linakorusha. Oili ndiyo kulanti yako, na mashine hii huiweka kwenye tanki la pembeni: ukiipima injini ikiwa imelala usiku kucha, kipimo kitakudanganya, kwa sababu oili huteremka chini. Iwashe dakika chache, zima, pima papo hapo. Na vali zipimwe zikiwa baridi: milimita 0.10 upande wa kuingiza, 0.12 upande wa ekzosi. Vali ya ekzosi iliyobana haikai kwenye kiti chake muda wa kutosha kupoa, nayo huungua ukingo.

SWALI: Tukiwa ufukweni ikachemsha, hatukuwa na maji matamu. Tulitia ya bahari tukarudi nyumbani. Kuna madhara?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Yapo, na yanaanza mara moja. Chumvi hula aluminiamu ya hedi na rejeta, na chembe zake hukwaruza sili ya pampu. Mwaga leo. Fungua bolti ya chini ya pampu, jaza maji matamu, washa mpaka thermostati ifunguke na rejeta yote iwe moto, acha ipoe, mwaga. Rudia mara nne. Mara ya tano tumia maji yaliyotoneshwa, mwaga, funga bolti kwa washa (pete bapa) mpya ya shaba, halafu tia kulanti nusu kwa nusu. Kwa miezi miwili ijayo chungulia lile tundu la chini ya pampu kila wiki. Na chini ya kiti cha kila kwadi inayokwenda ufukweni fungeni chupa moja ya lita moja na nusu ya maji matamu.